Ualimu si Kaburi la Usanii

Yako maneno ambayo kwa wingi wa kusemwa hupata sura ya ukweli, na watu huyapokea pasipo kuyapima. Mojawapo ni lile lisemalo kwamba mtu hufundisha kwa sababu ameshindwa kutenda. Bernard Shaw, mwandishi mashuhuri wa Ireland, alilitia wazo hilo katika mkusanyo wa kejeli alioufungamanisha na tamthilia yake Man and Superman mwaka 1903, na tangu siku hizo halijakosa midomo ya kulibeba. Limevuka bahari likaingia katika nchi yetu. Husikika sokoni, husikika katika matatu, na husikika hata mezani kwa wazazi wanaojadili kazi za watoto wao. Kijana akisema kwamba ataka kuwa mhandisi, hupongezwa. Akisema kwamba ataka kuwa mwalimu, huulizwa alama zake zilikuwaje.

Mimi ni mwalimu, na kazi yangu ni kuwafunza wale watakaokuwa walimu. Msomaji aweza kunena kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Na anene; lakini baada ya kunena, asikilize. Sikukusudia kuitetea kazi yangu kwa kuisifu. Nakusudia kwenda mahali ambapo kejeli ile hujiona ina nguvu kuliko mahali pengine pote, nikapambane nayo huko. Mahali penyewe ni kwa wapiga piano wa majukwaani ambao pia ni walimu katika vyuo vikuu. Ikiwa kejeli itashindwa huko, haitakuwa na pa kujificha.

Kwa nini nimechagua wapiga piano? Kwa sababu katika kazi yao jukwaa na darasa huonekana mbalimbali kama mchana na usiku. Jukwaani mtu huketi peke yake mbele ya umati, taa zikimmulika, na mkono mmoja ukikosea kila sikio hujua. Darasani mtu huyo huyo huketi kando ya piano, na anayepiga ni mwanafunzi. Umati haupo, makofi hayapo, na jina lake halikuandikwa kwa herufi kubwa mlangoni. Mwenye kutazama kwa macho ya juujuu husema kwamba huyu wa darasani ameshuka. Alikuwa juu, sasa yu chini. Alikuwa akisikilizwa, sasa husikiliza. Basi na tuyapime mashtaka.

Wanaomshtaki mpiga piano mwalimu huleta hoja tatu. Kwanza, husema kwamba hakuna aliyefaulu jukwaani ambaye angekubali kufungwa na ratiba ya chuo. Kwa hiyo aliyekubali ni yule ambaye jukwaa limemkataa. Pili, husema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Saa anazowapa wanafunzi ni saa alizoziiba katika mazoezi yake, na vidole visivyofanya mazoezi hufa ganzi. Tatu, husema kwamba mshahara wa kila mwezi ni mto laini, na msanii akilalia mto laini hupoteza ile njaa inayomsukuma kutafuta uzuri. Hoja hizi si za kipumbavu, wala sitazijibu kana kwamba zimetolewa na wapumbavu. Lakini ziko hoja zinazopendeza masikioni ambazo hazisimami zikiletewa mashahidi.

Shahidi wangu wa kwanza ni Menahem Pressler. Alizaliwa katika mji wa Magdeburg, Ujerumani, mwaka 1923, katika nyumba ya Wayahudi. Mwezi wa Novemba 1938 duka la wazazi wake lilishambuliwa katika usiku ule ambao Wanazi walivunja mali za Wayahudi kote Ujerumani. Mwaka uliofuata alikimbia pamoja na wazazi na ndugu zake, wakafika Palestina. Jamaa zake wengine walioachwa nyuma waliangamia katika kambi za mauaji. Mwaka 1946 kijana huyo alishinda shindano la kupiga kazi za Debussy katika mji wa San Francisco, na kumbi kubwa za Marekani zikamfungukia. Mwaka 1955 yakatokea mambo mawili. Alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Indiana, katika mji mdogo wa Bloomington, ulio mbali na New York kwa zaidi ya kilomita 1,000. Na katika mwaka huo huo, yeye na wenzake wawili, mmoja wa fidla na mmoja wa selo, walifanya onyesho la kwanza la kundi lao lililoitwa Beaux Arts Trio.

Msomaji na auangalie mwaka huo vizuri. Darasa halikuja baada ya jukwaa kuvunjika. Darasa na jukwaa vilizaliwa pamoja kama mapacha. Kundi lile lilidumu hata mwaka 2008, yaani miaka 53. Katika muda huo wapiga fidla watano na wapiga selo watatu walipita, lakini mpiga piano alikuwa mmoja tu tangu mwanzo hata mwisho, naye ndiye yule mwalimu wa Bloomington. Walizirekodi katika santuri trio zote za piano za Haydn, kazi ambayo wengi hawakuwa wameipa heshima iliyostahili. Na kundi lilipofungwa, yeye hakufungwa. Mwezi wa Januari 2014, hali ametimiza miaka 90, alipiga kwa mara ya kwanza pamoja na okestra maarufu ya Berlin, katika mji mkuu wa nchi iliyomfukuza utotoni. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 99, baada ya kuwa mwalimu wa chuo kile kile kwa zaidi ya miaka 60. Kama huku ndiko kushindwa, basi sijui kushinda kunafananaje.

Hapo hoja ya kwanza imepata jeraha. Na tuitazame ya pili, ile ya mshika mbili.

Methali ni hazina, lakini kila methali ina mahali pake. Mshika mbili humponyoka moja ikiwa zile mbili zinavutana, kama mtu aliyeshika kamba za mbuzi wawili wanaokwenda njia mbalimbali. Lakini anayeshika jembe na mpini wake hakushika viwili, ameshika kimoja. Swali basi ni hili: je, kupiga piano na kufundisha piano ni mbuzi wawili, au ni jembe na mpini?

Hebu tutazame kazi yenyewe inavyofanyika. Mwalimu wa piano katika chuo kikuu hamfundishi mwanafunzi wake katika kundi la watu 50. Humchukua peke yake, aghalabu saa moja kwa juma, kwa muda wa miaka. Mwanafunzi hupiga, mwalimu husikiliza, kisha mwalimu humsimamisha na kumwuliza: kwa nini umeifanya sauti hii kuwa kubwa kuliko ile? Kwa nini umetumia kidole cha nne hapa, na si cha tatu? Mguu wako umeukanyaga mkanyagio wapi, na umeuachilia wapi? Wakati mwingine huwako darasa la wazi, ambamo mwanafunzi hupiga mbele ya wenzake na kusahihishwa hadharani. Si kazi ya kulala usingizi. Mwanafunzi mwenye akili hakubali kuambiwa fanya hivi. Hutaka kujua sababu.

Na hapo ndipo mwalimu hupata faida ambayo mshtaki haioni. Mtu aliyezaliwa kijijini huijua njia ya kwao hata gizani. Miguu yake yaijua. Lakini mgeni akimwomba amweleze njia hiyo, hulazimika kwa mara ya kwanza kuifikiri: ni mkuyu upi, ni kivuko kipi, ni kona ya ngapi. Akisha kueleza, anaijua njia kwa namna mpya, kwa miguu na kwa akili pia. Ndivyo ilivyo kwa mpiga piano. Mikono yake yaweza kujua jambo ambalo yeye mwenyewe hajui kwamba inalijua. Mwanafunzi mwenye kiganja kidogo, asiyeweza kufikia sauti mbili zilizo mbalimbali, humlazimisha mwalimu kutafuta njia nyingine. Na mara nyingi njia hiyo ni nzuri kuliko ile aliyoizoea. Saa ile haikuibwa katika mazoezi. Saa ile ni mazoezi ya aina nyingine.

Kama ufafanuzi hautoshi, na waje mashahidi. Clara Schumann, mmoja wa wapiga piano wakubwa kabisa wa karne ya 19 na mama wa watoto wanane, alianza kufundisha katika chuo cha muziki cha Frankfurt mwaka 1878, na aliendelea kupiga hadharani hata mwaka 1891. Artur Schnabel alikuwa mwalimu katika chuo cha muziki cha Berlin tangu mwaka 1925. Na mwaka 1927, ulipotimia mwaka wa 100 tangu kufa kwa Beethoven, alizipiga sonata zote 32 za mtunzi huyo katika mji huo huo. Utawala wa Wanazi ulipoanza mwaka 1933, aliondoka Ujerumani. Kati ya mwaka 1932 na 1935 alizirekodi sonata zile zote katika santuri, akawa mtu wa kwanza duniani kufanya hivyo. Je, mikono ya mtu huyu ilikuwa imekufa ganzi kwa kufundisha?

Hoja ya tatu ni ya mshahara. Hii ndiyo hoja inayosemwa kwa sauti nzuri kuliko zote, na aghalabu husemwa na watu walioshiba. Eti msanii na awe na njaa, kwa kuwa njaa ndiyo mama wa uzuri! Mimi sijapata kuona njaa ikimfundisha mtu kupiga piano. Nimeona njaa ikimfundisha mtu kuuza ala yake.

Msomaji kijana na aelewe jinsi mpiga piano wa jukwaani anavyopata riziki yake. Hupewa ujira kwa kila onyesho, si kwa kila mwezi. Katika ujira huo wakala wake huchukua fungu. Mara nyingi nauli na malazi huyalipa yeye mwenyewe. Siku aliyougua, hakupiga. Na siku asiyopiga, hakulipwa. Wanaoalikwa katika kumbi kubwa ni wachache, na kila mwaka mashindano ya nchi mbalimbali huwatangaza washindi wapya wanaogombea nafasi zile zile. Na kama kundi ni la watu watatu kama lile la Pressler, ujira wa onyesho moja hugawanywa mara tatu. Mtu anayeishi kwa ujira wa namna hiyo hupiga kile kinachouzwa. Akiombwa kuirudia kazi moja iliyozoeleka mara 40 kwa mwaka, ataipiga mara 40, kwa kuwa kodi ya nyumba haingoji.

Mti hauendi ila kwa nyenzo. Mshahara wa chuo ni nyenzo. Unampa mpiga piano uwezo wa kusema hapana: hapana kwa onyesho la aibu, hapana kwa kazi aliyoichoka, hapana kwa tajiri anayetaka muziki wa kusindikiza chakula. Unampa pia uwezo wa kusema ndiyo: ndiyo kwa trio za Haydn ambazo hazijapata wasikilizaji, ndiyo kwa mtunzi mpya asiye na jina. Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulipozifunga kumbi za muziki karibu duniani kote, wapiga piano waliotegemea maonyesho tu walikosa riziki kwa ghafula, bila kosa lao. Wenye kazi za kudumu katika vyuo waliendelea kufundisha kwa njia ya intaneti, na wanafunzi hawakukosa mtu wa kuwaongoza. Je, ni nani kati yao tumwite mjinga?

Lakini mashahidi wakubwa zaidi sijawaleta bado. Leon Fleisher alizaliwa San Francisco mwaka 1928. Kabla hajatimiza miaka 10 alikubaliwa kuwa mwanafunzi wa yule Schnabel niliyemtaja. Mwaka 1952 alikuwa Mmarekani wa kwanza kushinda shindano kubwa la Malkia Elisabeth katika mji wa Brussels. Mwaka 1959, hali jina lake linavuma na santuri zake zinasifiwa, alianza kufundisha katika chuo cha Peabody mjini Baltimore, chuo ambacho tangu mwaka 1977 kimefungamana na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Katikati ya miaka ya 1960, hali bado hajafika miaka 40, vidole viwili vya mkono wake wa kuume vilianza kujikunja vyenyewe na kukataa amri. Ulikuwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu ambao siku hizo waganga hawakuujua vema. Mpiga piano aliyekuwa juu kabisa alijikuta na mkono mmoja.

Angalia tarehe zile kwa makini, kwa maana zinaiponda kejeli yote. Fleisher hakukimbilia darasani baada ya mkono kumsaliti. Alikuwamo darasani miaka kadhaa kabla. Na mkono uliposaliti, darasa halikumwacha azame. Alizipiga kazi zilizotungwa kwa mkono wa kushoto peke yake, kama ile konserto aliyoitunga Ravel kwa ajili ya Paul Wittgenstein, aliyepoteza mkono wa kuume katika Vita Kuu ya kwanza. Akaongoza okestra. Na juu ya hayo yote akafundisha, mwaka baada ya mwaka, akilazimika kuyasema kwa maneno yale ambayo zamani aliyaonyesha kwa vidole. Katika miaka ya 1990 tiba mpya ilimpatia nafuu, na mwaka 2004 alitoa santuri aliyoipa jina la Two Hands, yaani mikono miwili. Alifariki Baltimore mwaka 2020. Aliyebaki kimya jukwaani kwa mkono mmoja alikuwa akisema kwa mikono ya wanafunzi wake wote.

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa André Watts, mwana wa askari Mmarekani mweusi na mama Mhungari. Mwaka 1963, akiwa na miaka 16 tu, alipiga pamoja na okestra ya New York chini ya uongozi wa Leonard Bernstein, akishika nafasi ya Glenn Gould aliyekuwa mgonjwa, na katika usiku mmoja nchi nzima ikamjua. Baada ya kupata umaarufu huo, mtu asiye na haja ya kujifunza angalikaa akahesabu fedha. Watts alikwenda Peabody, akaketi mbele ya Fleisher, akajifunza. Naye mwaka 2004, baada ya miaka 40 ya kuzunguka duniani, alishika kiti cha uprofesa katika Chuo Kikuu cha Indiana, pale pale kwa Pressler. Wote wawili walifariki mwaka 2023.

Sasa na tuufuate mnyororo huu kwa kurudi nyuma. Watts alifundishwa na Fleisher. Fleisher alifundishwa na Schnabel. Schnabel alifundishwa na Leschetizky. Leschetizky alifundishwa na Czerny. Na Czerny alifundishwa na Beethoven mwenyewe. Kila mmoja wao alipiga, na kila mmoja wao alifundisha. Makofi waliyopigiwa yalinyamaza usiku ule ule yalipopigwa. Kilichovuka miaka 200 ni mafunzo, kutoka mkono hata mkono, kama mwenge. Kama mmoja tu katika safu ile angaliona fahari kubwa mno ya kufundisha, mwenge ungalizimikia mikononi mwake.

Lipo pingamizi ambalo ni haki kulitaja. Wako wapiga piano wakubwa ambao hawakujifunga kufundisha. Sviatoslav Richter alikuwa mmoja wao, na hapana mwenye akili atakayekana ukubwa wake. Lakini Richter mwenyewe, alipokuwa kijana wa miaka 22, alikwenda Moscow mwaka 1937 kujifunza kwa Heinrich Neuhaus, mwalimu wa chuo cha muziki cha mji ule. Na ni Neuhaus huyo huyo aliyemfunza Emil Gilels. Kisima hakilazimiki kuwa mvua; lakini pasipo mvua hakuna kisima. Sidai kwamba kila msanii lazima afundishe. Nadai kwamba hakuna aliye na haki ya kumdharau anayefundisha.

Tena liko jambo linalotuhusu sisi Waafrika kwa karibu zaidi. Milango ya kumbi kubwa haikufunguliwa kwa watu wote kwa kipimo kimoja. Natalie Hinderas, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1927, alikuwa mpiga piano hodari katika siku ambazo ngozi ilitazamwa kabla ya sauti kusikilizwa. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Temple mjini Philadelphia, na mwaka 1971 alitoa santuri za kazi za watunzi weusi, kazi ambazo wauza tiketi hawakuwa na haja nazo. Akin Euba, aliyezaliwa Lagos mwaka 1935, alijifunza piano na utunzi London, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Ghana mwaka 1974, akafundisha katika vyuo vikuu vya Nigeria, na kuanzia mwaka 1993 akafundisha katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani. Ni yeye aliyehubiri fikira ya piano ya Kiafrika: kwamba ala hii ya Ulaya, ambayo sauti zake hutolewa kwa nyundo ndogo zigongazo nyuzi, ni jamaa ya ngoma na marimba, na yaweza kusema kwa mapigo yetu yanayopishana. Fikira kama hiyo haizaliwi katika usiku mmoja wa onyesho. Hutaka maktaba, wanafunzi, ubishi na miaka. Hutaka chuo.

Baada ya kuwatetea walimu, sitawafunika wenye makosa kwa joho lao. Wako maprofesa ambao majina yao yametundikwa katika vyuo kama vibao vya duka, nao wenyewe hawaonekani. Mwanafunzi amelipa karo ili afundishwe na mtu fulani, na akifika hukuta mtu fulani yumo ndegeni. Huyo hakushika jembe na mpini. Ameshika mshahara tu. Asiyetaka kufundisha na asichukue nafasi ya mwalimu. Na viko vyuo vinavyompokea mpiga piano, kisha vikamzongazonga kwa mikutano na makaratasi hata piano yake ikapata vumbi. Halafu hujiuliza kwa nini hapigi tena kama zamani. Vyuo hivyo ndivyo vinavyoichimba kaburi sanaa, si ualimu. Mbaya zaidi ni desturi ya kuwaajiri walimu wa vipindi, watu wenye shahada za juu na vidole hodari, wakalipwa kwa saa tu, pasipo ahadi ya mwaka ujao. Chuo kinachotangaza kwamba kinaheshimu sanaa, na huku kinamlipa msanii kama kibarua wa msimu, kinasema jambo moja kwa kinywa na jingine kwa mkono.

Lakini mtazame msomaji: makosa hayo yote ni makosa ya kutofundisha, au ya kumzuia mtu kufundisha na kupiga. Hata moja si kosa la kufundisha. Kumlaumu mwalimu kwa sababu yao ni kama kuulaumu mnazi kwa ulevi wa mnywaji.

Nimesema mengi juu ya piano, na wengi wenu mnaosoma kurasa hizi hamtapata kupiga piano katika ukumbi wa Berlin. Lakini kejeli niliyopambana nayo haikuachi wewe kwa sababu huna piano. Humsonga kijana anayependa hesabu, akaogopa kuwa mwalimu wa hesabu asije akaitwa mhandisi aliyeanguka. Humsonga msichana anayeandika mashairi, akadhani kwamba siku atakapoingia darasani kufundisha, kalamu yake imekufa. Katika chuo ninachofundisha huwaona vijana wanaoingia wameinamisha vichwa, kana kwamba wameletwa na bahati mbaya. Nani aliwainamisha? Si umaskini wa kazi, maana kazi nyingi ni za umaskini na watu huzifanya kwa kichwa kilichoinuka. Aliyewainamisha ni neno la dhihaka lililosemwa na watu ambao hawakulipima.

Basi lipimeni ninyi. Mkisikia kwamba fulani anafundisha kwa sababu ameshindwa, ulizeni maswali matatu. Je, alianza kufundisha lini, kabla ya kushindwa huko au baada yake? Je, amefanya nini katika sanaa yake tangu alipoanza kufundisha? Na je, wanafunzi wake wako wapi leo? Mkiyauliza hayo juu ya Pressler, Schnabel, Fleisher na Watts, majibu yatamwaibisha mwenye kejeli. Mkiyauliza juu ya mwalimu mvivu, majibu yatamwaibisha mvivu huyo, na hiyo ni haki. Kipimo cha kweli hakimwonei mtu.

Wahenga walisema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Wako wanaoisoma methali hii kana kwamba kuvukuta ni kazi ya aliyeshindwa kusana. Lakini nendeni kwa mhunzi mkatazame. Mivuo isipovukutwa, moto hulala. Moto ukilala, chuma hubaki baridi. Na nyundo ya fundi hodari kuliko wote haiwezi kukifanya chuma baridi kuwa jembe. Mwalimu ndiye anayevukuta, na mara nyingi ndiye huyo huyo anayeshika nyundo. Atakayeirudia tena ile kejeli, na airudie. Lakini kwanza na atutajie jina la mtu aliyemfundisha kuisoma.